Baiskeli Nayo Ina Haki Yake Njiani

Mji wa Kale wa Mombasa una njia iitwayo Ndia Kuu. Mgeni akiiona hucheka, kwani "kuu" yenyewe ni nyembamba hata motokaa mbili zikikutana lazima moja ijibanze ukutani. Sisi wenyeji hatucheki. Twajua kuwa njia hiyo ilipopata jina lake, mizigo ilikwenda kwa vichwa vya watu na migongo ya punda, na kwa kipimo hicho ilikuwa kuu kweli.

Nayasema haya kwa sababu mjadala wa kutenga njia za baiskeli mbali na za magari huzungumzwa siku hizi kana kwamba ni anasa iliyoletwa na Wazungu. Sivyo. Kuzozania njia ni jambo la kale. Waliosoma hadithi chuoni wanaikumbuka hukumu iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, basi ifanywe dhiraa saba. Hiyo ni mita tatu na ushei, na wanaoeleza ujenzi wa miji ya Kiislamu husema yatosha ngamia wawili wenye mizigo kupishana. Kilichopimwa hapo ni mpitaji na mzigo wake. Mali yake haikuulizwa.

Sasa tazameni Likoni. Hukadiriwa kuwa feri huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na magari kama 6,000 tu. Umma huo ukishateremka hupanda mlima kwa miguu, wengine wakisukuma baiskeli, na hamali na mikokoteni yao ya maji na viazi. Wakifika juu, barabara ni ya nani? Ni ya yule aliyekaa peke yake ndani ya motokaa, ilhali nafasi anayoichukua ingewapitisha wapanda baiskeli kadhaa. Mfano wake ni mirathi iliyoshikwa na ndugu mmoja mwenye nguvu: mali ni ile ile, haiongezeki, lakini wengine wanaambiwa wangoje.

Na kungoja huku kuna mauti. Katika mwaka wa 2023 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu.

Haikosi mtu atakayesema kuwa Nairobi wamekwisha kulitatua. Ni kweli kwamba mwaka wa 2015 kaunti ile ilipitisha sera nzuri, iliyoahidi asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Lakini kitu kikubwa kilichosimama baadaye ni barabara ya juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, nayo baiskeli haikanyagi. Karatasi na saruji zilikwenda njia mbali mbali.

Hata hao Waholanzi tunaotajiwa kila mara hawakuzaliwa na vijia vyao. Baada ya vita vikuu vya pili walizikumbatia motokaa kama sisi, mpaka mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 wakafa barabarani katika mwaka mmoja. Wazazi wakaandamana. Uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 ukawasaidia kusikizwa.

Simchukii mwenye gari. Mgonjwa hapelekwi hospitali kwa baiskeli, na mwenye duka la leso mtaa wa Biashara hana budi kushusha marobota yake. Lakini marobota yaweza kushushwa alfajiri, na gari laweza kulipia mahali linapolala kutwa nzima. Pale penye upana, baiskeli itengewe njia yake, tena kwa ukingo wa mawe, maana mstari wa rangi haujapata kuzuia matatu. Dar es Salaam walijenga vijia kando ya njia ya mabasi ya mwendo wa haraka, yaliyoanza mwaka 2016, na pikipiki zikaviona ni vyake. Mombasa twawajua ndugu zetu wa boda boda. Hawatakuwa na haya zaidi.

Pale pembamba, kama katika Mji wa Kale, hapana cha kugawa. Hapo dawa ni mwendo. Sheria yetu yaruhusu kilomita 50 kwa saa mijini, na mtu agongwaye kwa mwendo huo hatari yake ya kufa ni kubwa mno kuliko ya agongwaye kwa 30.

Ombi langu kwa wahandisi wa kaunti ni dogo. Kabla ya kuchora, wasimame pale juu ya mlima wa feri saa moja asubuhi na wahesabu wanaopita: miguu mbali, baiskeli mbali, mikokoteni mbali, na motokaa mbali. Kisha ndipo watwae kamba ya kupimia.