TUJIFUNZE KUSOMA VITABU VYA HESABU



Kila tukikaa mezani kudai nyongeza ya mshahara, jibu la mwajiri ni lile lile: "Kampuni haina fedha." Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akipe chama alichokitambua habari zote zihitajiwazo katika mapatano. Lakini vitabu vya hesabu vitatufaa nini ikiwa hatuwezi kuvisoma?

Shina la hesabu ni moja: mali yote ya biashara ni sawa na madeni yake pamoja na mtaji wa wenyewe. Tuseme mtu afungua karakana ya kushona kwa shilingi 60,000 zake na 40,000 za mkopo. Fedha ni 100,000. Akinunua vyerehani vya 70,000, sandukuni zabaki 30,000 tu; lakini mali ni 100,000 vile vile. Ndiyo sababu kila jambo huandikwa mara mbili: kilichotoka na kilichoingia.

Basi kukosa fedha si kupata hasara. Fedha huenda zimegeuka mashine, zimelipa deni, au wamegawiwa wenye kampuni. Tuulize ni lipi, na tuonyeshwe mahali lilipoandikwa.

Sisi twaona kila tawi lichague wanachama wawili wajifunze kazi hii. Wakishajua, waanze na vitabu vya tawi lenyewe, wavisome mbele ya mkutano. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.