Vidanje tufanye nyumbani, lakini mafuta machafu yasiguse mfereji



Kila ninapopita barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi, nakutana na pikipiki ileile: magunia mawili ya mahindi nyuma, dereva mbele, na mama amebanwa katikati akishika kuku. Nyanya za Katogota haziwezi kungoja lori siku tatu. Zinatoka shambani kwa pikipiki, na pikipiki ikikufa njiani, nyanya zinaoza kwenye kikapu. Kwa hiyo moteri ya pikipiki ni chombo cha kilimo, sawa na jembe. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida hili, ambalo kwa kawaida linaongea mbegu na mbolea, niseme kidogo juu ya vidanje.

Kuna wanaosema vidanje ni kazi ya mekanisie, mkulima asiguse. Mimi sikubali. Ukifanya mwenyewe nyumbani unajua umetia mafuta gani na kiasi gani, na hauwekewi mafuta yaliyokwisha kutumika mahali pengine. Tena unaiangalia pikipiki yako kwa karibu, unaona mnyororo umelegea, unaona mafuta yanavuja. Ninachopinga ni kitu kingine, nacho tunakifanya karibu sisi wote, mekanisie wa barabarani pamoja na sisi wa nyumbani: mafuta machafu tunayamwaga chini.

Nianze na kosa langu. Miaka michache iliyopita, wakati wa kupandikiza mpunga, nilikuwa na pikipiki ya kazi, kilomita zake zimepita sana. Nikaamua kufanya vidanje palepale mashambani, chini ya mwembe, karibu na kichwa cha mfereji mdogo. Palikuwa na kivuli na maji ya kunawa mikono. Nilichimba kashimo kwa jembe, nikamwaga mafuta humo, nikafunika na udongo. Nilijiona nimefanya kazi safi kabisa. Usiku mvua ikanyesha.

Asubuhi mama mmoja mwenye pepinyeri upande wa chini akaniita. Juu ya maji yake palikuwa na rangi kama za upinde wa mvua, na miche iliyo karibu na mlango wa maji ilikuwa na mstari mweusi kwenye shina. Akaniuliza: "Agronome, hii mafuta iko inatoka wapi?" Nilijua inatoka wapi. Lakini nilimjibu kwamba labda ni gari limepita barabarani. Ilinichukua mpaka saa sita mchana kurudi kumwambia ukweli. Tulifunga mlango wa maji, tukakausha kile kipande, na miche ya pale mbele ikapotea. Nilimlipia mingine kwa jirani. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Mwanangu, na wale wanaochota maji kule chini, umewaambia?" Sikuwa nimewaambia.

Tangu siku ile silichukulii jambo hili kuwa dogo. Pikipiki zetu nyingi zinabeba kama lita moja tu ya mafuta, na mtu anaona lita moja si kitu. Lakini mafuta hayazami wala hayachanganyiki na maji. Yanatandaa juu, membamba sana, yanafika mbali na yanazuia hewa kuingia majini. Ofisi ya mazingira ya Marekani, EPA, imezoea kuwaambia watu kwamba mafuta ya vidanje moja ya gari, karibu lita nne, yanaweza kuharibu maji safi ya karibu lita milioni nne. Hata ukigawa hesabu hiyo mara kumi, bado mfereji wetu ni mdogo mno. Na sisi wa Uvira tunajua maana ya maji mabaya, kwa sababu kipindupindu hakijatuacha. Mama anayekuta mfereji una mafuta ataenda kuchota mahali pengine, na pengine hapo ni pabaya zaidi.

Maji yetu yanaishia Ruzizi, na Ruzizi inaishia Tanganyika. Ziwa lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na maji yanayoingia ziwani hukaa humo mamia ya miaka. Ndagala tunaokula jioni wanatoka humo.

Kwa udongo hali ni vilevile. Udongo uliolowa mafuta unakataa maji: unamwagilia, maji yanateleza juu. Halafu vile vidudu vidogo vya udongo vinaanza kuyala mafuta, na ili kuyala vinahitaji azoti, vinaichukua ileile ambayo mahindi yako yalipaswa kula. Mmea unakuwa wa manjano, wewe unakimbia kununua ure, unaongeza hasara juu ya hasara. Humo pia mna chembe za chuma, shaba na aluminium zilizosagika ndani ya moteri, na hizo hazina mdudu wa kuzila. Zinabaki.

Wengine wameniambia mafuta machafu yanaua wadudu wa mboga. Ni kweli mdudu anakufa, anakosa hewa. Lakini jani nalo linapumua, nalo linaungua, na wewe utauza sombe iliyopakwa mafuta ya moteri. Tafadhali, hapana. Wala msiwapake ng'ombe na mbuzi kwa ajili ya kupe. Mafuta hayo yakigusa ngozi mara nyingi yanaweza kuleta vidonda na hata kansa, ya mtu au ya mnyama.

Sasa vidanje yenyewe, kwa vile nimesema tufanye nyumbani. Washa moteri dakika chache tu, mafuta yawe ya vuguvugu yatiririke vizuri. Yakiwa moto sana yatakuunguza. Simamisha pikipiki mahali palipo sawa, mbali na kisima, mfereji na stoo ya mbegu. Weka beseni chini, na beseni hilo liwe la kazi hiyo tu, lisirudi jikoni hata likioshwa kwa sabuni mara kumi. Vaa sasheti mikononi kama huna glavu. Fungua kwanza bushoni ya juu, halafu ya chini, kwa kle inayolingana nayo sawasawa. Usitumie pensi, itakula kona za bushoni. Acha mafuta yashuke mpaka yaanze kudondoka tone kwa tone. Kama pikipiki yako ina kichujio, kisafishe au kibadilishe.

Kwenye kurudisha bushoni ya chini ndipo wengi wanaharibu. Angalia rondeli, ikiwa imechoka, weka mpya, bei yake ni ndogo. Anza kufunga kwa vidole, kisha malizia kwa kle bila kutumia nguvu zote za kulima. Nyumba ya moteri ni aluminium, chuma laini. Ukikaza kama unafunga gurudumu la lori, fileti zinakwisha, na kuanzia hapo mafuta yatadondoka juu ya magunia, na juu ya barabara, kila siku.

Kuhusu mafuta mapya, someni bidoni kabla ya kulipa. Kwenye pikipiki nyingi zetu ambreyaje inaogelea ndani ya mafuta yaleyale ya moteri. Mafuta mengine ya gari yanaifanya iteleze: unapandisha mlima wa Ngomo na mzigo, moteri inalia, pikipiki haiendi. Tafuteni alama ya JASO MA, na namba ya uzito ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Tia kiasi kilichosemwa na kitabu, washa dakika mbili tatu, zima, ngoja kidogo, ndipo upime kwa joji. Ukizidisha ni vibaya pia. Na kwenye vumbi la kipwa, tukibeba mizigo tunayobeba, msingoje mpaka mwisho wa kilomita za kitabu.

Baki ile lita moja ndani ya beseni. Pendekezo langu kwa kamati za koperative ni hili: nunueni bidoni moja ya lita 20 yenye kifuniko kizuri. Andikeni juu yake kwa rangi MAFUTA MACHAFU, na mchore fuvu la kichwa kwa wasiosoma. Ikae kivulini, juu ya saruji au ndani ya nusu ya pipa, mbali na chakula na mbegu. Kila mwenye pikipiki alete yake, akimimina kwa funeli. Bila maji, bila esanse, bila breki, mafuta machafu peke yake. Mmoja wa kamati ashike ufunguo. Hilo la ufunguo nalisema kwa sababu bidoni tupu zinapendwa sana kwetu, na nimeona kwa macho yangu bidoni ya mafuta ya moteri ikiuziwa mawese sokoni. Hata zile ndogo za lita moja, toboeni kabla ya kutupa.

Bidoni ya lita 20 inachukua vidanje kama ishirini. Ina maana mna muda. Kabla haijajaa, kamati iulize magaraji makubwa ya Uvira au Bukavu nani anapokea na anayafanyia nini, kisha bidoni ipande kwenye lori linalokuja kuchukua mahindi. Naomba msikubali jibu la "tutamwaga nyuma."

Najua nitaulizwa juu ya nguzo za nyumba, maana wazee wetu wanazipaka mafuta machafu ili mchwa wasile. Sipendi. Sehemu inayopakwa zaidi ndiyo inayoingia ardhini, na mvua inafanya kilichobaki. Mtu akishindwa kabisa kuacha, basi isiwe nguzo ya kitalu, ya zizi, ya tanuru la kukaushia, wala ya uzio unaopakana na mfereji. Ukitoa hizo zote, sijui nguzo gani inabaki.

Katika mkutano ujao wa koperative ya Katogota nitakuja na bidoni yangu na beseni langu, na vidanje ya pikipiki yangu nitaifanya mbele yenu. Yule mama wa pepinyeri ameshaniambia atakaa mstari wa mbele.