Simu ikikwapuliwa, picha ya mama iko wapi?

Wiki hii nina swali moja tu, na usininunie. Ile picha ya mama yako unayoipenda kuliko zote, iko wapi? Najua utajibu, "Iko kwenye simu." Haya, na simu ikikwapuliwa dirishani mwa daladala je?

Simtishi mtu. Nenda kwenye misiba hapa mjini uone vijana wanavyohangaika kutafuta picha ya marehemu. Kila mtu ana simu ya maana, lakini inayopatikana ni ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka sura haieleweki. Wazee wetu waliokwenda studio sikukuu kwa sikukuu wana albamu mpaka leo. Sisi tunaojipiga asubuhi mpaka usiku, ukutani hamna kitu!

Dawa ni kusafisha picha, na kama nyumbani kuna printa ya wino wa rangi, huna haja ya kutoka. Ila wengi wanaprinti, picha inatoka imepauka kama kanga ya mwaka juzi, halafu wanailaumu mashine. Mara nyingi mashine haina kosa.

Kwanza, karatasi. Ile ya fotokopi ya gramu 80 inafyonza wino, rangi zinatambaa na kufifia. Nenda steshenari uombe karatasi ya picha ya printa ya wino, gramu 200 au zaidi, na uprinti upande wenye mng'ao. Angalizo: usiiingize kwenye printa ya leza. Ile inatumia joto kali, na utando wa karatasi unaweza kuyeyukia ndani. Hapo utamtafuta fundi!

Pili, iambie printa umeweka nini. Kabla ya kubonyeza, chagua aina ya karatasi kuwa ya picha, na ubora uwe wa juu. Ukiiacha kwenye karatasi ya kawaida, itamwaga wino kama inaprinti barua ya kuomba kazi.

Tatu, picha yenyewe. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikitaka kutoka safi inahitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani pikseli 1,200 kwa 1,800. Simu nyingi za siku hizi zinavuka hapo bila jasho. Tatizo ni picha ya kurushiwa WhatsApp, maana huko huwa inabanwa ili iwe nyepesi. Mwambie aliyeipiga akutumie kama dokumenti, ije nzima. Na skrinishoti achana nazo kabisa. Halafu ongeza mwanga kidogo, kwa sababu kioo cha simu kinawaka na karatasi haiwaki. Picha inayopendeza kwenye simu inaweza kutoka na giza.

Ikitoka usiishike usoni. Iache ikauke, kisha iweke kwenye fremu yenye kioo, mbali na jua la dirishani, maana jua linakula rangi.

Sasa tusidanganyane. Wino una bei, na printa ikikaa miezi bila kazi vitundu vya wino vinaziba. Kama wewe ni mtu wa picha mbili kwa mwaka, usinunue mashine kwa sifa, peleka studio. Kama unayo tayari, iprintishe kitu chenye rangi kila baada ya wiki moja au mbili.

Kwa hiyo jioni hii fungua simu, chagua picha moja tu. Si ile uliyovaa miwani ufukweni, bwana! Ya mama, ya babu, ya yule shangazi asiyependa kamera. Iprinti, nyuma yake andika jina na mwaka, kisha mpe mwenyewe aishike akiwa bado anaona.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.