Gramu 84 za kioo

Mazda ilipotoa toleo la tatu la gari lake la MX-5 mwaka 2005, wahandisi wake walikuwa wamekichonga upya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma ili kupunguza gramu 84. Uzito huo haufikii mayai mawili ya kuku, na mtu ana haki ya kuuliza unalisaidia nini gari la zaidi ya tani moja. Kioo peke yake hakisaidii kitu. Kinachosaidia ni nidhamu ya kupitisha kila kipande kwenye mizani, kwani uzito huzaa uzito: bodi ikiwa nyepesi, breki, springi na injini nazo zinaweza kuwa ndogo. Toleo la nne, la 2015, lilifungwa magurudumu kwa nati nne badala ya tano. Kwa soko la Japani, gari jepesi kabisa la toleo hilo lilikuwa na kilo 990. Lile la 1989 lilikuwa na 940. Kilo 50 tu ndizo zilizoongezeka, ingawa katikati hapo mifuko ya hewa na vifaa vingine vya usalama vilikuwa vimeingia.

Faida ya nidhamu hiyo inafika hadi kwa mwenye Mazda Demio wa Nairobi au Dar es Salaam, maana kizazi cha 2007 cha gari hilo kilipunguzwa takriban kilo 100. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uzito ukipungua kwa asilimia 10, mwendo wa gari kwa kila lita huongezeka kwa asilimia 6 hadi 8.

Wapo wanaosema gari jepesi ni jeneza. Ni kweli kwamba likigongana na lori, jepesi ndilo linaloumia zaidi. Lakini anayekaa ndani hulindwa zaidi na aina ya chuma na umbo la bodi kuliko unene wa bati, na chuma cha kisasa chenye nguvu kubwa huwezesha kutumia bati jembamba bila kudhoofisha chumba cha abiria.

Pingamizi ninalolikubali ni la tairi la akiba. Baadhi ya watengenezaji wameliondoa na kuweka chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Dawa hiyo huziba tundu la msumari. Tairi lililochanika ubavuni haiwezi kuliponya. Kioo kilipunguzwa kwa akili ya mhandisi, lakini hapa mzigo umeondolewa garini ukatwikwa dereva aliyekwama porini usiku. Kabla hujalipia gari, fungua buti, inua zulia, uone kilichomo.