Hela si neno la wahuni, mwalimu!

Mpenzi msomaji, nimepata barua ya mwalimu mmoja mstaafu, mwandiko wa kupendeza kweli kweli, lakini ndani moto mtupu. Analalamika kwamba sisi wa magazeti tunaharibu lugha. Ushahidi wake? Neno "hela". Eti ni neno la wahuni na makonda, na miaka yote aliyoshika chaki, mtoto aliyeandika "hela" kwenye insha alikula kalamu nyekundu. Waungwana, anasema, husema "fedha" au "pesa".

Shikamoo mwalimu. Tubishane kwa heshima, maana hao watoto waliokatwa maksi naona wameonewa.

Tuanze na hayo maneno ya kiungwana. "Fedha" tumeipata kwa Waarabu, na asili yake ni ile madini nyeupe ambayo sonara hutengenezea bangili. "Pesa" imevuka bahari kutoka Bara Hindi, na ilikuwa kisarafu cha shaba tu, chenji ya rupia. Rupia moja ilikuwa pesa 64! Sultani Barghash wa Unguja alitoa za kwake mwaka 1882, zina picha ya mizani. Wajerumani nao walipoingia wakatoa pesa yao kuanzia 1890, na upande mmoja wakaweka maandishi ya Kiarabu, kwa sababu ndiyo watu wa pwani walikuwa wameyazoea kwenye sarafu. Kumbe pesa nayo ni mgeni, tena alikuja na nguo za shaba.

Sasa hela. Mwaka 1904 Wajerumani wakaachana na hesabu ya 64, wakaigawa rupia mafungu 100, na kila fungu wakaliita Heller. Hilo ni jina la sarafu ndogo za zamani za kwao, zilizopata jina kutokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani. Mdomo wa Mswahili ukalilainisha, likawa hela. Kwa hiyo bwana, ukisema "nimeishiwa hela" umetaja mji wa watu.

Lakini usicheke sana. Wakati huo kulikuwa na kodi ya nyumba, rupia 3, ambayo kwa hesabu mpya ni hela 300. Mtu wa kijijini aliyezoea kubadilishana nafaka na mbuzi angezitoa wapi? Ilibidi auze mazao au aende kuuza jasho lake kwenye mashamba ya wazungu. Asiyelipa alifanyishwa kazi kwa nguvu. Kodi hiyo, pamoja na kulimishwa pamba kwa lazima, ni katika mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905, yaani hela ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Sasa mwalimu, niambie: babu zetu waliiokota hela kijiweni? Waliifahamu mbele ya mtoza kodi!

Mwaka 1908 ikaja sarafu ya hela 5, pana karibu sentimita 4, uzito kama gramu 20. Ukiwa nazo kumi mfukoni suruali inashuka yenyewe. Halafu ikaja vita ya kwanza ya dunia, meli za Wajerumani zikazibiwa njia, na mwaka 1916 karakana ya reli pale Tabora ikageuzwa kiwanda cha kufua sarafu. Wakatoa za hela 5 na 20, na pia ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Ndiyo, Tabora hii hii ya maembe na asali!

Waingereza walipochukua nchi, mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakaleta shilingi. Rupia ikafa, na hela ikazikwa nayo. Neno likakataa kuzikwa. Na ukitaka kujua lilivyo na adabu ya kukumbuka kwao, nenda nalo safari. Kenya ukisema "sina hela" watakuelewa, ila watajua mara moja umetoka upande wetu, maana wao sarafu hiyo haikuwa yao. Nenda Burundi, ambayo ilikuwa chini ya Mjerumani huyo huyo: fedha kwa Kirundi ni amahera. Mpaka wa mkoloni umebaki kwenye ulimi.

Na kwa kuwa mwalimu amewagusa makonda, tuwamalizie na wao. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa Dar es Salaam, nauli ilikuwa shilingi 5, na shilingi 5 ilikuwa ikiitwa dala. Ni dola hiyo, kwa sababu kwenye miaka ya 1940 pauni moja, yaani shilingi 20, ilikuwa dola 4 na ushei. Ndiyo ikawa daladala. (Wenzetu wa Nairobi walifanya vile vile: senti 30, mapeni matatu, likawa matatu.) Dola yenyewe imetokana na thaler, sarafu ya fedha iliyoanza kufuliwa karibu mwaka 1520 huko Joachimsthal, ambako leo ni nchi ya Cheki. Na thal kwa Kijerumani ni bonde. Kwa hiyo kila ukidandia daladala, umedandia bonde mara mbili!

Thaler hiyo ilifika hadi kwetu pwani, ile yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780, na wazee wakaihesabu kama reale. Hapo ndipo penye swali la wiki. Thumuni, senti 50, ni neno la Kiarabu lenye maana ya moja ya nane. Lakini senti 50 ni nusu ya shilingi. Sasa nane imetoka wapi? Jibu toleo lijalo, na mwalimu naye anaruhusiwa kushiriki.