Fibra inabeba maradufu, bei ya mega nayo ishuke

Kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, terril yetu ya Lubumbashi, si takataka tena. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2024, jermaniumu inayotolewa humo na STL, kampuni tanzu ya Gécamines, inasafirishwa kwenda kwa Umicore nchini Ubelgiji. Kazi moja kubwa ya jermaniumu ni kutengeneza fibra optiki: inachanganywa na kioo cha kiini cha uzi ili mwanga usitoroke njiani.

Hivi Katanga inasaidia dunia kuunganishwa. Lakini mwanafunzi wa UNILU anayetaka kupakua somo moja bado anahesabu mega kama mama wa Katuba anavyohesabu meka za unga.

Kila tunapouliza, jibu ni lilelile: Lubumbashi iko mbali na bahari. Ni kweli. Mtandao unatufikia kupitia Kasumbalesa kutoka Zambia, ama unavuka nchi nzima kutoka Muanda, ambako waya wa baharini wa WACS unatia nanga. Lakini umbali peke yake hautoshi tena kuwa sababu, kwa kuwa teknolojia imebadilika.

Kwenye kila ncha ya fibra kuna transponda, mashine inayogeuza data kuwa mwanga na kuirudisha tena. Za zamani zilikuwa zinawasha na kuzima mwanga tu, kama tochi. Transponda za koherenti, zilizoenea tangu miaka ya 2010, zinasoma pia mkao na mwelekeo wa wimbi la mwanga, kwa hiyo kila rangi ya mwanga inabeba data nyingi zaidi. Kwa miaka mingi rangi hizo zilitoka bendi moja, C, kati ya nanomita 1,530 na 1,565 hivi. Mashine za bendi mbili zinaongeza bendi L, inayofika karibu 1,625. Uzi ni uleule, mtaro ni uleule, lakini uwezo unakaribia kuwa maradufu.

Hatusemi ni bure. Bendi L inahitaji vikuza mwanga vyake njiani, kwa kawaida kila kilomita 80 hadi 100, na kila kituo kinataka umeme usiokatika. Wakaaji wa Lubumbashi wanajua vizuri hapo tatizo liko wapi. Hata hivyo, kuongeza mashine kwenye njia iliyokwisha kujengwa kunagharimu kidogo kuliko kuchimba upya mamia ya kilomita.

Swali letu ni nani atafaidi. Tunakumbuka RAM: tangu 2020 raia walikatwa vizio kwenye simu, hadi kelele zao zikaifanya ifutwe 2022. Wengi hawakuona walichonunua. Safari hii hesabu ifanywe mapema.

ARPTC inayo mamlaka ya kusimamia soko hili, chini ya sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Iyatumie. Kampuni ikiongeza uwezo wa njia yake, itangaze bei mpya ya jumla, na watoa huduma wadogo wauziwe kwa masharti yaleyale. Baada ya hapo, bei ya rejareja ifuatiliwe hadharani.

Pia tusidanganywe na ukubwa wa bomba moja. Mwezi wa 8 mwaka 2023, maporomoko chini ya bahari, kwenye korongo la mto Congo, yalikata WACS, na uwezo wote uliokuwa humo ukapotea kwa siku moja. Maradufu ya njia moja iliyokatika ni sifuri. Tunahitaji njia mbili zinazofanya kazi kweli, ya mashariki na ya magharibi.

Jermaniumu yetu inaondoka kwa malori. Isirudi kwetu kama mega tusizoweza kununua.