Punda Wako na Jua la Mchana

Mkulima, wazee walisema asante ya punda ni mateke. Lakini ukisimama katika njia za Mwea saa saba mchana, siku za jua kali la Februari na Machi, utaona kwamba mwenye kutoa mateke si punda. Ni sisi. Gari limejaa magunia, punda amechoka, na mwendeshaji, naye kichwa wazi juani, apiga fimbo tu.

Watu wengi husema, "Punda ni mnyama wa jua, hadhuriki." Neno hili ni nusu ya kweli. Asili yake ni nchi kavu za Afrika, naye huvumilia kiu kuliko ng'ombe. Lakini kuvumilia si kutodhurika. Punda aliye malishoni huenda kivulini apendapo. Punda wa gari hawezi. Tena kazi yenyewe hutia joto mwilini, na joto hilo hutoka kwa jasho. Maji yakipungua mwilini, jasho hupungua pia, na joto hubaki ndani hata laweza kumwua.

Basi, fanya hivi. Toka alfajiri, umalize safari kabla ya saa tano. Kama una safari ya pili, iwe baada ya saa kumi. Siku ya joto kali punguza magunia. Mpe maji kabla ya kumfunga garini, njiani, na mwisho wa safari. Punda mzima aweza kunywa lita 10 hadi 25 kwa siku. Usiogope ile habari ya zamani kwamba maji humwua mnyama mwenye jasho. Si kweli.

Ukimwona anahema upesi, anayumba au anakataa kwenda, mfungue hapo hapo. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma, mpe ya kunywa, kisha mwite daktari wa mifugo. Apigaye fimbo wakati huo anampiga mgonjwa. Nawe mwendeshaji, vaa kofia, chukua maji yako, na ukisikia kizunguzungu keti kivulini.

Najua utakavyojibu: "Ghala hufunguliwa asubuhi imekwisha pita, na foleni ni ndefu. Alfajiri yanifaa nini?" Jibu lako ni la haki. Kwa hiyo nasema kosa si la mwendeshaji peke yake. Chama cha ushirika ni mali ya wanachama. Katika mkutano ujao simama, uombe mambo mawili: mizigo ipokewe tangu saa kumi na mbili asubuhi, na penye foleni pawe na kivuli na hori la maji. 

Tena punda wanapungua. Hesabu ya mwaka 2009 ilipata zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya. Ile ya 2019 ilipata milioni 1.2 hivi. Na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpakia mnyama kupita kiasi.

Lakini usingoje askari. Punda wako akifa njiani, mzigo haufi. Kesho utakuwa mgongoni mwa mkeo na watoto wako.